Kumbukumbu ya mradi: kuipanga glaida ya F3K kwa ajili ya sekunde, si mita

Hatimaye ndege imekamilika: glaida ndogo ya rimoti, ya daraja la F3K, yaani zinazorushwa kwa mkono. Servo nne (vimota vidogo vinavyosogeza vibao vya bawa na mkia) zimeunganishwa, bawa limefungwa kwa skrubu zake mbili, na mizani inasoma gramu 245 pamoja na betri. Kwa glaida ya F3K huo ni uzito wa kawaida kabisa. Kanuni za FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, zinaruhusu hadi gramu 600, ila ni nadra kumwona mtu akikaribia huko. Kinachombana kila mtu ni upana: kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili usizidi milimita 1500.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, F3K haina mota wala kamba ya kuvutia ndege juu. Rubani anashika kipini kidogo kilichopachikwa kwenye ncha ya bawa, anazunguka mara moja kama mrusha kisahani, anaachia, na ndege inapaa wima hadi kasi yake iishe. Kuanzia hapo ni rubani, rimoti na hewa. Mashindano ya kwanza ya dunia ya daraja hili yalifanyika Sweden mwaka 2011, na tangu hapo mazungumzo uwanjani yamekuwa yaleyale: nani anarusha juu zaidi.

Msimu huu nimeamua kutoyafuata mazungumzo hayo, na hesabu ndiyo iliyonishawishi. Shindano lina kazi, yaani mazoezi ya kuruka kwa muda uliopangwa, na muda wa kazi moja kwa kawaida ni dakika 10. Sasa tazama kazi zenyewe. Kuna ile ya ngazi: dakika 1, kisha 1 na nusu, 2, 2 na nusu, halafu 3, na kila ngazi unapewa jaribio moja tu. Jumlisha: dakika 10 kamili. Kuna ile ya dakika 1, 2, 3 na 4 kwa mpangilio unaoutaka: dakika 10 kamili. Kuna ya miruko mitano ya dakika mbili mbili: yaleyale. Waliozitunga walijua walichokuwa wanafanya. Hawakuacha hata sekunde moja ya ndege kukaa mkononi, kwa hiyo kila sekunde inayokaa mkononi inakatwa kwenye jumla yako.

Tuseme kwenye ile ya ngazi marubani wawili wote wanafikisha kila ngazi, hadi muda wa kazi unapowakatiza kwenye ya mwisho. Mmoja anatumia sekunde 2 kati ya kuidaka ndege na kuirusha tena, mwingine 5. Ndege inadakwa mara nne katikati, basi wa kwanza anaondoka na sekunde 592, wa pili 580. Mshindi wa kundi anapewa pointi 1000 na wengine wanapigiwa hesabu kwake, hivyo wa pili anapata 980 hivi. Pointi 20 zimepotea wala hewa haihusiki.

Upande wa kimo nao una hesabu yake. Ndege hii katika hewa tulivu inashuka kama sentimita 35 kwa sekunde. Ukiifikisha mita 50, una zaidi ya dakika mbili na sekunde ishirini hata kama hakuna hewa yoyote ya kukuinua. Mita tano za ziada ni sekunde 14 nyingine, na katika kazi ambayo wote wanarusha kwa pamoja na wa mwisho kutua ndiye anayefaidi, sekunde hizo ni mali. Kwenye mruko wa dakika mbili hazina kazi, kwa sababu muda unaopita lengo hauhesabiwi. Nitafanya mazoezi ya kurusha, ndiyo, lakini mpangilio wote wa ndege nimeufanya kwa swali moja: itarudije mkononi haraka bila kunisumbua?

Mkia

Eleveta (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua) na usukani wa mkia zinavutwa na uzi mwembamba wa aramidi upande mmoja, na springi ya waya inazirudisha upande wa pili. Sababu ni uzito. Kutoka kitovu cha uzito hadi kwenye eleveta ni milimita 650 hivi, na kutoka kitovu hicho hadi kwenye risasi (madini mazito ya kusawazisha) iliyo puani ni 250. Gramu moja ya mkiani inadai gramu mbili na nusu na ushei za risasi mbele. Vijiti vya kusukuma ni imara zaidi, sikatai, ila bei yake inalipwa puani.

Springi ndiyo inayotaka uangalifu. Ndege ikielea inakwenda kama mita 7 kwa sekunde. Ikitoka mkononi inaweza kuwa na 35. Kasi mara tano ni shinikizo la hewa mara ishirini na tano. Springi inayoonekana ngumu mezani inaweza kuwa dhaifu sana sekunde ya kwanza ya mruko. Nimeweka waya mnene kidogo kuliko uliokuja na vifaa, nikahakikisha servo bado inauvuta bila kulalamika, na uzi nimeufunga kwa fundo lenye tone la gundi ya haraka ili usiteleze.

Kitovu cha uzito

Hapa nilitulia kwa muda mrefu, na nitaeleza kwa nini siliamini jaribio maarufu la kupiga mbizi. Jaribio lenyewe ni rahisi: unainamisha ndege kama nyuzi 45, unaachia rimoti, unatazama. Ikiinuka kwa nguvu, pua ni nzito; ikizidi kuinama, mkia ni mzito. Kwa glaida kubwa zenye vijiti imara jibu ni la kuaminika. Kwa ndege hii yenye uzi na springi, na mrija wa mkia mwembamba unaopinda, kasi inaweza kuisogeza eleveta yenyewe. Unadhani umepima uzito, kumbe umepima springi.

Ninachokiamini ni mzunguko. Naiingiza ndege kwenye duara pana asubuhi hewa ikiwa imetulia, kisha napunguza mkono. Ikiwa lazima niendelee kuvuta eleveta ili pua isidondoke, uzito uko mbele mno. Duara likijikaza lenyewe na bawa la ndani likataka kuzama, uko nyuma mno. Faida ya ndege nyepesi ni kwamba hesabu yake ni nyepesi pia: gramu moja puani inasogeza kitovu milimita moja hivi. Nina vipande vya risasi vya gramu moja moja vilivyokatwa tayari, naongeza au natoa, narusha tena. Nimeishia milimita mbili nyuma ya pale mtengenezaji alipopendekeza. Ndege sasa haijiongozi sana, inataka jicho, lakini inaonyesha hewa: ikigusa ukingo wa hewa inayopanda, mkia unainuka kidogo kabla hata kimo hakijaongezeka. Ishara hiyo ni ya thamani, kwa kuwa shindanoni huruhusiwi kupokea kimo kutoka kwenye ndege. Kipima kimo ninacho, cha mazoezi tu.

Rimoti

Hali nne za ndege ninazochagua kwa swichi, kila moja na trimu yake ya eleveta, yaani mahali inapokaa bila kuguswa. Ya kurusha: ukingo wa nyuma wa bawa unapanda milimita 1 na eleveta inavuta kidogo ili ndege ijigeuze kuelekea juu. Ya kasi, kwa kurudi dhidi ya upepo: nusu milimita juu. Ya kawaida: sifuri. Ya kuelea: milimita 3 chini. Kuzidisha mpindo huo wa bawa kunavutia macho, ndege inaonekana imesimama hewani, ila ukinzani unakula kila ulichopata, sizidi 3.

Kubadili hali kusiitikise ndege. Kama pua inaruka kila ukigusa swichi, trimu bado. Nimeongeza pia ucheleweshaji wa nusu sekunde kati ya kawaida na kuelea, ila hali ya kurusha inaingia papo hapo. Eleroni (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa) zinapanda zaidi ya zinavyoshuka, na usukani wa mkia unazifuata kwa asilimia niliyoipata kwa kutazama ndege kutoka nyuma: inapolala kuingia kwenye kona, pua isiende upande wa pili hata kidogo.

Kabla ya yote hayo nilishughulikia mchezo wa viungo vya ndege, yaani ulegevu wake. Shika eleroni kwa vidole viwili, itikise polepole. Kama ukingo unacheza bila mkono wa servo kusogea, hakuna trimu itakayokaa. Nimetia gundi kwenye pini za pembe zinazovuta eleroni na mchezo umekwisha. (Wapo wanaotumia saa nzima kwenye menyu za rimoti huku eleroni inapiga makofi. Siwaelewi.)

Breki

Hii ndiyo sehemu iliyobeba mradi. Eleroni zote mbili zinashuka pamoja hadi karibu nyuzi 70, ndege inapunguza mwendo na kuteremka kwa pembe kali bila kushika kasi. Tatizo linajulikana: ukishusha breki, pua inapanda, na lazima eleveta isukume chini ili kufidia. Wengi wanaweka kwenye rimoti mchanganyo wa mstari mnyoofu, breki nusu kwa fidia nusu. Bawa halifanyi kazi hivyo. Theluthi ya kwanza ya breki inaongeza zaidi nguvu ya kuinua, ndipo ndege inaporuka juu. Sehemu iliyobaki inaongeza zaidi ukinzani. Kwa hiyo fidia inahitajika mapema. Nimetumia mkunjo, yaani mstari wa fidia uliopinda, wa pointi tano unaopanda haraka mwanzoni kisha unalala. Nimeusahihisha uwanjani pointi moja baada ya nyingine, nikishusha breki hadi pale tu na kuishikilia mpaka nione pua inakwenda wapi.

Pia eleroni mbili lazima zilingane njia nzima, si mwanzo na mwisho tu. Zikitofautiana katikati, ndege inalala upande wakati iko mita mbili kutoka usoni pako.

Matokeo: naweza kuwa mita 15 juu ya kichwa changu zikiwa zimebaki sekunde 8, nikashusha breki, na ndege ikafika mkononi karibu na sifuri. Zamani ilinilazimu kwenda mbali na kurudi kwa mstari mrefu, na hapo ndipo hewa inayoshuka hukupokonya hesabu yote.

Kudaka na kurusha

Kwa mrushaji wa mkono wa kulia, kipini kiko bawa la kushoto. Lengo ni kudaka ncha hiyohiyo, si kiwiliwili, ili vidole viwe tayari pahali pake. Ndege inakuja ikipita kulia kwangu, kimo cha kiuno, naishika ncha, mwili unaendelea kuzunguka na ndege inaondoka. Ikienda sawa, kudaka na kurusha ni tendo moja. Msaidizi wangu anahesabu kwa sauti kuanzia kumi kushuka, na tumekubaliana asiseme neno lingine ndani ya sekunde hizo. Juzi nilikuwa nimeng'ang'ania kona ya hewa nzuri huku muda umekwisha, akavunja makubaliano: "Acha tamaa, kaka, rudi!" Alikuwa na haki.

Urushaji wenyewe nimeugusa kidogo tu. Baada ya kuachia, mkia ulikuwa unapepea kushoto na kulia mara kadhaa kabla ya kunyooka, na kila mpepeo ni mita zilizopotea. Nimeweka usukani wa mkia milimita moja na nusu upande katika hali ya kurusha pekee, na mpepeo umebaki mmoja. Inatosha kwa sasa.

Kuhusu umbo la bawa

Nimeulizwa kwa nini sikubuni umbo langu mwenyewe. Jibu fupi: Mark Drela wa chuo cha MIT, Marekani, alishaandika programu ya XFOIL ya kukokotoa maumbo ya bawa mwaka 1986 na akachora maumbo yanayoitwa AG ambayo ndege nyingi za kurushwa kwa mkono zimeyatumia au kuyafuata. Ni mtu yuleyule aliyekuwa kwenye kundi lililobuni Daedalus, ndege ya kukanyagwa kwa miguu iliyoruka mwaka 1988 kutoka Krete hadi Santorini, kilomita 115. Anayetaka kushindana naye kwenye umbo aende, mimi nina mkunjo wa breki wa kurekebisha.

Hewa

Utepe mwepesi juu ya mlingoti bado ndio chombo bora. Hewa moto ikipanda inavuta hewa ya pembeni kuelekea kwake. Upepo wa usoni ukilegea ghafla, kuna kitu mbele yako; ukiongeza nguvu, kimeshakupita na kiko nyuma. Shida ya kazi za miruko mifupi ni kwamba hewa nzuri iliyo mbali nyuma haina faida, kwa sababu ukitua nje ya uwanja uliopimwa mruko mzima ni sifuri. Sheria niliyojiwekea: kwenye mruko wa dakika moja au moja na nusu sitafuti chochote, nakaa juu ya kichwa changu.

Kilichobaki

Fimbo ya shaba ya gramu 40, ya kuongeza uzito siku za upepo, imeshakatwa na inaingia kwenye mrija chini ya bawa, sawasawa na kitovu cha uzito, ili trimu zisibadilike. Bado sijaipima kwenye upepo wa kweli. Ndege ikiwa nzito itafika mkononi kwa kasi zaidi, kwa hiyo mkunjo wa breki huenda ukahitaji toleo la pili lenye swichi yake. Ndege ya akiba nayo ipo mezani bila servo, na nitainakilia mpangilio huu kwanza, kisha nianze tena na vile vipande vya risasi.