Friji langu lina chumba chake

Leo asubuhi nimefungua akaunti ya benki nakuta wamekata dola 97. Sio umeme, sio bima ya gari, ni kodi ya friji. Yaani mimi hapa Houston nalala chumba kimoja na sebule, na friji langu nalo lina chumba chake mtaa wa tatu kutoka hapa, kina geti la kubonyeza namba na kamera juu ya mlango, mimi kwangu hata kamera sina.

Ilianza mwanzoni mwa 2024. Jamaa niliyekuwa nakaa naye akaoa akahamia Dallas, nikabaki na vyumba viwili peke yangu, kodi ikanibana mpaka nikaenda ofisini kwa wenye nyumba kuomba chumba kimoja, tofauti ilikuwa dola 320 kwa mwezi. Nikahama. Sasa vitu vya vyumba viwili havijui kwamba umepunguza kodi, vinakuja vyote. Kitanda cha pili, matairi, mabegi matatu ya shangazi kaja yamejaa nguo, na hilo friji, bado jipya kwenye boksi lake, nililinunua kwenye punguzo la Novemba kwa ajili ya nyumba yangu ya Kibaha. Nikapanga maboksi kwenye balkoni. Wiki haijaisha barua mlangoni: balkoni ni ya viti na maua, toa vitu.

Ndo nikaenda kwenye stoo za kukodi. Futi 5 kwa 10, yaani nusu ya kile chumba cha Manzese nilichoanzia maisha, dola 49 kwa mwezi. Nikapiga hesabu nikajiona mjanja, nimeokoa 320 natoa 49. Sema hukumu ya hesabu ile ilikuja taratibu, kwanza kufuli lazima ununue, af bima, miezi sita ikapita ikawa 68, sasa 97, na wanajua huendi popote maana kuhama ni kukodi lori na kuharibu Jumamosi za washkaji wanne.

Nilipomwambia mama kwenye simu akanyamaza kidogo.
"Vitu vyako umemwachia nani, mwanangu?"
"Nimekodi stoo mama, nalipia."
"Kwani huko hamna ndugu?"

Nilicheka ila lilinikaa. Nilipomaliza chuo vitu vyangu vyote vilienda kwa shangazi Mbagala, hakuna aliyeuliza shilingi ngapi. Nikarudi baada ya mwaka nakuta tivii inaangaliwa na watoto, kabati limeshakuwa kabati la nyumba lina vyombo vya shangazi, godoro kalalia mgeni wa msiba na hakuliacha salama. Sikuwa na la kusema, maana ndo yalikuwa malipo yenyewe. Hapa vitu havitumiwi na mtu, vinakaa gizani tu vinakula hela.

Na Texas ni kwao kabisa na hii biashara, hizi stoo za milango ya kupandisha zilianza kujulikana pale Odessa, mji wa mafuta, mwaka 1964, watu wana vifaa na maboti na wanaishi kwenye nyumba za kupanga. Leo Marekani nzima ziko zaidi ya 50,000. Ukikaa pale Jumapili unaona kila mtu na lake, kuna mama anakuja na kiti cha plastiki anafungua mlango anakaa anapanga nguo za watoto, anazikunja, anazirudisha, anafunga anaondoka. Jirani yangu wa kushoto alishindwa kulipa, wakaweka kufuli lao la pili, baadaye picha za vitu vyake zikawekwa kwenye mnada mtandaoni. Kwenye picha baiskeli ya mtoto ilikuwa mbele kabisa. Mwezi ule nililipa mapema.

Kimbunga Beryl kilipopita Julai 2024 umeme ukakatika siku kadhaa, na mimi nilikuwa nalipia ile stoo yenye kiyoyozi. Nikaja kufungua boksi la friji nakuta harufu ya ukungu, nikajifunza kwamba friji linahifadhiwa mlango wazi, unaweka kitambaa katikati. Wakati nafuta ndani ndo nikasoma kile kibandiko cha nyuma: volti 115. Nyumbani ni 230. Nilikaa chini kwenye sakafu ya zege nikacheka peke yangu, miaka inaenda nalipia chumba cha friji ambalo likifika Kibaha linaungua, na hiyo Kibaha yenyewe iko kwenye boma, halijaezekwa, mbuzi wa jirani ndo wanalala humo bure.

Nikaliweka kwenye grupu la WhatsApp. Jioni hii kaja Mkenya mmoja, kalizunguka, kafungua droo zote. Analipeleka Kisumu, kwenye nyumba anayojenga. Nikamweleza ya volti, sikutaka lawama.

"Hiyo si shida bro, nitatafuta transfoma."

Nikamuuliza nyumba imefika wapi, akasema bado wako kwa msingi. Akatoa hela, akahesabu, halafu akasimama mlangoni anaangalia ndani, anapima kwa macho.

"Na hii stoo unalipanga ngapi?"