Kabati la TV la ukuta mzima: nilivyolipanga kwa masanduku ya jikoni

Makabati ya jikoni hayatengenezwi kama kitu kimoja. Fundi anaunda masanduku karakanani, kila moja peke yake, kisha anakuja kuyapanga ukutani, anayafunga yashikane, anayalalishia ubao mrefu juu na kuweka milango mbele. Nilipotaka kabati la TV la kuziba ukuta mzima wa sebule yetu hapa Kihesa, Iringa, nilimwendea fundi wa makabati ya jikoni nikamwomba anifanyie kazi hiyohiyo, ila sebuleni. Kwa nyumba ya matofali ya kuchoma, ambayo kuta zake hazijanyooka sana, naamini hakuna njia bora kuliko hiyo.

Kabla ya kuchora chochote nilipima vitu vitakavyokaa humo. TV yetu ni ya inchi 55, lakini hizo 55 ni za kona hadi kona. Upana wake halisi ni kama sentimita 122 na kimo kama 69. Nikapima kingamuzi, sabufa, stabilaiza na ruta, nikaongeza nafasi ya plagi na waya zinazojikunja nyuma, maana kifaa kikigusa ukuta waya zinabanwa. Kina cha sentimita 40 kilitosha kila kitu. Makabati ya chini ya jikoni huwa na kina cha 60, na hizo 20 za ziada zingekula nafasi ya sebule bure.

Hiyo 40 ina faida nyingine, na hapa ndipo fundi na mimi tulipoelewana vizuri. Plywood ya milimita 18 inauzwa kwa shiti la futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Ukipasua kwa upana wa 40 unapata mikanda mitatu, na sentimita mbili zinazobaki ndizo zinazoliwa na meno ya msumeno. Makabati ya juu tuliyapa kina cha 30, na shiti likatoa mikanda minne. Mtu anayechagua 42 au 33 kwa sababu tu inapendeza kwenye mchoro ananunua mashiti zaidi na kujaza karakana mabaki yasiyo na kazi.

Ukuta wangu ulikuwa na sentimita 362 chini, na juu ukapanuka kidogo. Fundi aliposhusha timazi, uzi wenye kitu kizito wa kupimia wima, kwenye kona ya kushoto akaniambia, "Mama, huu ukuta umelala. Tusilazimishe kabati liufuate." Tukapanga masanduku manne ya sentimita 88, jumla 352, na kila upande tukaacha pengo la kama sentimita tano. Pengo hilo likazibwa na ubao mwembamba. Fundi aliusimamisha wima kwa pimamaji, akaegemeza penseli kwenye kipande kidogo cha mbao na kuvitelezesha pamoja juu ya ukuta kutoka chini hadi juu. Kila tumbo na bonde la plasta likajichora kwenye ubao. Akafuata mstari ule kwa randa, na ubao ulipoingia, hata karatasi isingepita kati yake na ukuta. Kazi ile ilichukua muda mrefu kuliko kufunga sanduku zima, na ndiyo inayofanya kabati lionekane limezaliwa na nyumba.

Masanduku ya chini yana kimo cha 50 na yamekaa juu ya kitako cha 10, ili maji ya kudeki yasifike kwenye plywood. Juu yake kuna ubao wa mninga, anasa pekee niliyojiruhusu. Makabati ya juu yako pembeni tu, moja kushoto na moja kulia, na katikati kuna uwazi wa sentimita 176 ambao TV ya inchi 65 nayo inaenea. TV nimeitundika ili katikati yake iwe kama sentimita 110 kutoka sakafuni, karibu na macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi. Naona nyumba nyingi TV imepandishwa karibu na dari. Shingo inaumia, na watoto wanazoea kutazama wakiwa wamelala.

Fremu za milango ni za paina ya Mafinga, kutoka ukanda wa msitu wa Sao Hill. Kwetu mbao hizi zinapatikana kirahisi na bei yake inabebeka, ila mara nyingi zinafika sokoni zikiwa mbichi. Ubao mbichi ukigeuzwa mlango utajipinda ukiwa tayari kwenye bawaba. Tulizipanga chini ya paa, kila safu ikitenganishwa na vijiti ili upepo upite, na tukangoja kiangazi, kwa sababu kuanzia Novemba hadi Aprili hewa yenyewe ina maji. Kipande kimoja nilikuwa nakipeleka dukani kwa jirani kupimwa kwenye mizani. Uzito ulipoacha kushuka, ndipo fundi alipoanza kuranda. Kwa masanduku hatukuwa na wasiwasi huo. Plywood ina tabaka zinazokatana, hivyo haitanuki na kusinyaa kama ubao mzima.

Umeme ulitangulia kabati. Fundi umeme alipandisha soketi nyuma ya mahali pa TV na kuweka nyingine ndani ya sanduku la pili. Kwa waya wa HDMI, ule unaopeleka picha na sauti kwenye TV, nilisisitiza bomba pana la milimita 50 lenye kona za taratibu, kwa sababu kichwa cha waya ule hakipiti kwenye bomba la kawaida la waya za umeme. Ndani ya bomba tuliacha kamba, ili siku nikitaka kuongeza waya niufunge kwenye kamba na kuuvuta bila kubomoa plasta. Waya za umeme zina bomba lake.

Kilichonifikirisha zaidi ni milango ya sanduku la vifaa. Mlango wa ubao unazuia rimoti, na kingamuzi kinahitaji kupumua. Kioo kinapitisha rimoti lakini joto linabaki ndani. Nikamwendea mama mmoja anayesuka vikapu vya milulu, vile ambavyo Iringa inajulikana navyo, nikamwomba anisukie mkeka wa kuenea kwenye fremu, msuko wake uwe wazi. Alisuka kipande cha kujaribia, tukakishika mbele ya kingamuzi na kubonyeza rimoti, chaneli ikabadilika. Mgongoni mwa sanduku fundi alitoboa matundu mawili makubwa, moja chini na moja juu, hewa ya moto ipande na kutoka. Sabufa imebaki kwenye sanduku lisilo na mlango, chini yake tumeweka vipande vya tyubu ya gari ili mtikisiko usihamie kwenye vyombo vya kabati la juu.

Mbeya na Iringa tuko karibu na Bonde la Ufa, na ardhi hutikisika mara mojamoja. Kwa hiyo kila kabati la juu limefungwa ukutani kwa skrubu ndefu zilizoingia kwenye tofali lenyewe, si kwenye udongo wa maungio, na halafu limefungwa kwa lile la chini. Tukihama, skrubu zinafunguliwa na masanduku yanatoka moja moja mlangoni.

Jirani yangu ameshamwita fundi yuleyule. Ukuta wake una mita mbili na nusu, kwa hiyo anatengenezewa masanduku matatu ya sentimita 80, na pembeni zinabaki sentimita tano tano za kuranda.