Siko seli, ile kapsuli ya zamani, na matibabu ya milioni 280

Juzi kwa grupu ya familia anti yetu mmoja ameforwadi video ati wazungu wamepata dawa ya siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ati imeisha kabisa, na chini yake ni amina tu na watu wanamtag dada yangu kwa sababu kijana wake wa kwanza ana SS, yaani siko seli yenyewe. Dada hakujibu. Mimi nikaiangalia hadi mwisho na kusema kweli video haidanganyi, ni vile tu imeruka bei, alafu imeruka kitu kingine ambacho kwetu sisi naona ndio kikubwa, ndio maana nimekuja kuandika hapa, kwa grupu ukiandika ndefu hakuna mtu husoma.

Hayo matibabu yanaitwa Casgevy. Uingereza iliyakubali kwanza, Novemba 2023, Marekani ikafuata Desemba. Wanatoa kwa mgonjwa zile seli zinazotengeneza damu, wanazipeleka maabara, wanakata mahali fulani ndani ya jeni moja inaitwa BCL11A kwa kutumia CRISPR, ambayo ni kama makasi ya jeni, mgonjwa naye anapigwa kemo kali ya kumaliza uboho wa zamani, ndio zile seli zilizokatwa zinarudishwa na anakaa hospitali wiki kadhaa akingoja zishike. Kwa wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walimaliza angalau mwaka mzima bila ile kraisisi kali ya maumivu. Hiyo si mchezo. Kwa mtu ameona mtoto akilia usiku kucha hadi sauti inaisha, 29 kwa 31 ni kama ndoto. Bei Marekani ni dola milioni 2.2, yaani zaidi ya milioni 280 za Kenya, kwa mtu mmoja, na hapo sijahesabu ndege.

Sasa swali, kwa nini wakate hapo? Mtoto akiwa tumboni anatumia hemoglobini (ile protini ya damu inayobeba oksijeni) yake tofauti na ya mtu mzima, na akizaliwa hiyo inazimwa polepole kwa miezi kadhaa, ya ukubwani inaingia. BCL11A ndio inazima. Na shida ya siko seli iko kwa ile ya ukubwani, ndio inashikana na kukunja seli ikae kama mundu, hiyo ya kichanga haina neno. Daktari mmoja wa watoto wa Brooklyn, Janet Watson, aliona jambo hili mwaka wa 1948: watoto wenye ugonjwa huu hawaonyeshi kitu miezi ya kwanza. Dada anasimulia hivyo hivyo, kijana alikuwa mnono, anacheka, kufika kama miezi saba vidole vya mikono na miguu vikafura, wakaambiwa ati ni baridi, apakwe mafuta.

Kwa hivyo Casgevy haimpi mtu damu ya ajabu, inamrudishia tu ile aliyozaliwa nayo. Na hapa ndio nilikuwa nataka kufika, kwa sababu kuna kapsuli inajaribu kufanya jambo hilo hilo, si kwa nguvu kama hiyo na si mara moja ukasahau, unameza kila siku, lakini inafanya. Haidroksiurea. Ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka wa 1869, baadaye ikawa dawa ya kansa, na mwaka wa 1995 utafiti wa watu wazima 299 huko Marekani na Kanada ukaonyesha inapunguza kraisisi karibu nusu, hata wakausimamisha kabla ya wakati kwa sababu jibu lilikuwa wazi. 1998 ikakubaliwa rasmi Marekani.

Lakini huku kwetu madaktari wengi walikuwa wanaiogopa kupatia watoto, na hiyo hofu haikuwa ya kijinga. Hii dawa inashusha seli nyeupe, zile za kupigana na magonjwa. Mtoto wa Ohio sawa, lakini wa Busia ama Kilifi anayeumwa na mbu kila usiku je?

Wacha niingize stori kidogo hapa. Uhusiano wa siko seli na malaria ulifumbuliwa na mtu aliyelelewa hapa Kenya, Anthony Allison, babake alikuwa na shamba huko Gilgil. Mwaka wa 1949 alikuwa anazunguka nchi akipima damu za watu, akaona wenye kubeba jeni ya siko seli wamejaa Pwani na kando ya Ziwa Victoria, ukipanda nyanda za juu wanapungua. Mahali pa mbu, mahali pa jeni. 1954 akachapisha kwamba kuwa na nakala moja, AS, kunakukinga na malaria. Ukiwa nazo mbili, SS, malaria hiyo hiyo ndio hukuja kukumaliza haraka. Ndio maana kijana wa dada anameza Paludrine, dawa ya kukinga malaria, kila siku hata kama tunaishi Donholm, Nairobi, na mbu wa hapa hana malaria, kwa sababu Desemba ikifika wote ni ushago.

Basi ilibidi mtu aijaribu hapa hapa. Uganda walianza, Kampala, nusu ya watoto wakapata dawa na nusu plasebo, yaani ile haina dawa ndani, majibu ya 2017 yakasema malaria haikuongezeka. Alafu ukaja ule mkubwa unaitwa REACH, Kilifi ndani yake, pamoja na Mbale, Kinshasa na Luanda, watoto 606 wa kuanzia mwaka mmoja hadi kumi, ukatoka 2019. Kabla ya dawa, ukihesabu watoto 100 kwa mwaka, kulikuwa na malaria 46.9. Kwa dawa, 22.9. Ilishuka, watu walikuwa wanaogopa itapanda! Kuongezewa damu kulitoka 43.3 hadi 14.2, vifo 3.6 hadi 1.1. Mtu wa takwimu atakunja uso kwamba hakukuwa na plasebo, walilinganisha na kabla ya kuanza, na ako sawa. Lakini hizo namba za damu, ukishawahi kutafuta donari wa damu Jumapili usiku utanielewa.

Kuna binamu yangu husema hizo ni kutumia watoto wetu kama panya. Namsikia, ila yangu ni kinyume: miaka 21 imepita kati ya kuikubali kwao na majibu ya REACH kwetu, na siko seli ni yetu zaidi kuliko yao. Na hata dawa ikishakubaliwa bado inahitaji kuangaliwa. Oxbryta, dawa nyingine ya siko seli, ilipita Marekani 2019 kwa sababu ilipandisha hemoglobini, basi, na utafiti ukaendelea, Kenya ikiwemo. Kwa utafiti mmoja wa watoto 236, waliokufa walikuwa 8 upande wa dawa na 2 upande wa plasebo. Septemba 2024 Pfizer ikaiondoa dunia nzima. Nikifikiria wale wazazi nakosa la kusema, lakini bila plasebo hao wanane wangeitwa tu watoto wa siko seli waliokufa vile hufa.

Haidroksiurea nayo si peremende, lazima damu ipimwe mara kwa mara, na dada alipoona kwa karatasi imeandikwa kansa aliificha kabati hadi daktari akamweleza tena pole pole. Sasa kijana anaimeza.

Kama kwenu ni upande wa ziwa, Magharibi ama Pwani na mna mtoto mdogo, mwambie daktari apime hemoglobini elektroforesisi, kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini. Ile sikling testi ya haraka haitenganishi AS na SS, na kwa mtoto chini ya miezi sita inaweza kusema hana kitu, kwa sababu ile damu ya kichanga bado imejaa.