Nyimbo Nne za Mvua, na Noti Isiyokaa Kwenye Freti

Mada ya mvua inaifaa bendi ya roki ya Dodoma kuliko mapenzi au safari. Huku mvua ina msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, na ikikosekana hiyo, mtama na uwele havina pa kutokea. Ndiyo maana nyimbo za kurudia hazikosekani: za dansi la zamani, za kwaya, na za Wagogo wenyewe. Kwa ipii, yaani albamu fupi (EP), nne zinatosha. Zikiwa za dakika nne nne unapata robo saa, na msikilizaji anafika mwisho kabla hajaichoka mada.

Za dansi hazina matata makubwa. Solo na ridhimu yanajibizana kwa noti safi. Ukiwasha distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, kwenye magitaa yote mawili, majibizano yanageuka uji. Acha yabaki safi, distosheni ingoje chemko, kile kipande cha mwisho wimbo unapochangamka. Kanda za zamani nazo hazikukimbia kwa kasi moja, kwa hiyo usityuni gitaa kwa kuifuata rekodi, utajikuta katikati ya noti mbili. Tyuni kwa kipimo cha kawaida cha A 440, halafu tafuta kii ya mwimbaji wako, yaani noti ya msingi inayoifaa sauti yake.

Ruhusa iombwe mapema. Kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi inadumu miaka 50 baada ya kifo chake. Salum Abdallah, mwanamuziki wa dansi wa Morogoro, alifariki 1965, hivyo nyimbo alizotunga peke yake zimeshatoka kwenye muda huo. Mbaraka Mwinshehe, naye wa dansi, alifariki 1979. Zake bado zina wenyewe. Na wimbo wa jadi usidhani hauna mlezi. Anza kwa wazee na kina mama wanaouimba, kisha nenda BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

Leo lakini mawazo yangu yako kwenye ule wa nne, wa Kigogo. Uimbaji wa Wagogo unafuata harmoniki, yaani zile noti ndogo zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja ukipigwa. Yenye kesi ni ya 7. Ukipiga D, harmoniki ya 7 ni C, ila ni C iliyo chini ya ile ya kinanda kwa senti 31, na nusu toni nzima ni senti 100. Hakuna freti, vile vichuma vya shingoni mwa gitaa, yenye C hiyo. Mwimbaji akishika yake na gitaa likashika lake, zinagombana, na anayeonekana kakosea ni mwimbaji, wakati hajakosea hata kidogo.

Jaribu mwenyewe. Shusha uzi wa 6, ule mnene kuliko yote, kutoka E hadi D. Uguse kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, nyuma kidogo ya freti ya 3, kama theluthi mbili ya njia ukitoka freti ya 2. Piga karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, kisha inua kidole papo hapo. Inatoka noti nyembamba, kali. Tyuna itaandika C huku mshale ukilala chini kwa senti kama 30. Kuipata ndani ya melodi, bonyeza B kwenye freti ya 4 ya uzi wa 3, uuvute uzi pembeni, na uishie theluthi mbili na ushee ya njia ya kwenda C, bila kuifikia. Slaidi, kile kimrija cha kioo kinachovaliwa kidoleni, inarahisisha.

Akodi kamili ziache. Ile F kali (F#) ya gitaa, iliyomo kwenye akodi ya D, imeizidi harmoniki ya 5 kwa senti 14, nayo inachokoza. Piga D na A tu. Na hapa ndipo roki inapostahili sifa: noti hizo mbili zikipita kwenye distosheni zinatoa harmoniki zao kwa nguvu, ya 5 na ya 7 zikiwamo, bila kidole kuzigusa. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, alishawahi kuweka sauti yake pamoja na gitaa la umeme la Mkanada Michael Brook, kwenye albamu iliyotolewa na lebo ya Real World mwaka 2002. Njia ilishafunguliwa.

Geini, kile kitufe kinachoongeza distosheni, iishie nusu. Ilimba, ala ya Kigogo ya vichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ina matundu yaliyofunikwa utando wa buibui, na mvumo wake unakaa palepale distosheni inapojaa. Punguza gitaa desibeli 3 au 4 kwenye kilohezi 3. Ngoma za muheme, zile za kina mama wa Kigogo, zipashwe moto kila baada ya mapumziko, maana ngozi ikipoa sauti inashuka, na vipande viwili vya wimbo mmoja havitaungana. Metronomu isiwepo. Drams zifuate waimbaji.

Kwenye miksi, prodyuza aizime kabisa programu ya kunyoosha sauti. Ikibaki, inaivuta C ya waimbaji juu kwa zile senti 31, na gitaa ulilolivuta kwa uangalifu ndilo linalosikika limekosea.