Safari ya Kigoma ipangwe kwa mwezi

Wengi hupanga kwenda Kigoma kwa kuangalia sikukuu na likizo. Anayetaka kuuona uvuvi wenyewe aangalie mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Mwanga huwavuta dagaa juu, kisha wavu uliotegwa chini yao unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, dagaa wanatawanyika, taa inakosa kazi. Utakuta mitumbwi imepumzika na wavuvi wanashona nyavu. Kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu, fika kati ya tarehe 24 na tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Usiku huo tazama ziwa ukiwa mlimani, taa zimejipanga mpaka macho yanachoka kuzihesabu.

Pia ziwa hupumzishwa. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo ukitaka kwenda miezi hiyo uliza kabla ya kukata tiketi.

Mwalo, yaani mahali mitumbwi inapopakulia samaki, wa kwenda ni Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji. Bodaboda inakufikisha upesi. Uwe pale saa kumi na mbili alfajiri, mitumbwi inapoingia. Dagaa wabichi humwagwa juu ya chanja au mchangani, na kina mama huwageuza kila mara ili wakauke pande zote. Jua likiwaka vizuri, siku moja inatosha. Mvua za Novemba hadi Aprili ndizo huharibu: mawingu yakikaa, dagaa wanapasuka matumbo na kunuka kabla hawajakauka.

Ukinunua, chukua mmoja umkunje. Akikatika kwa mlio, amekauka. Akipinda tu, mwache. Kisha sugua gao moja kiganjani uone mchanga unaodondoka. Wa chanja ni ghali kidogo, na wanastahili bei hiyo. Usiwafunge kwenye nailoni wakiwa bado na joto la jua. Hutoa jasho, na mwisho wa safari ya treni unafungua ukungu. Gunia au boksi ni salama zaidi. Nyumbani waoshe kwa maji ya uvuguvugu, uwachote kwa mkono kutoka juu, mchanga ubaki chini. Rudia mara tatu. Halafu mawese, nyanya, pilipili, na ugali wa muhogo.

Ujiji, kama kilomita 8 kusini, watu huenda kuona kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana hapo mwaka 1871, kisha hushangaa maji yako wapi. Zamani ziwa lilifika karibu zaidi. Mwaka 1878 mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, ulizibuka, maji yakashuka na ufuko ukasogea. Teremka hadi ufukoni. Kuna mafundi wanaojenga maboti ya mbao, na kwa macho yetu hao ndio makumbusho hai.

Kuogelea usiogelee kwenye mialo: kuna uchafu, na kichocho ni hatari ya kweli karibu na makazi. Nenda ufuko wa Jakobsen, upande wa Katonga, kwa kiingilio. Maji ni maangavu hata samaki wa rangi unawaona kwenye miamba. Ingia asubuhi kabla ya upepo, uliza wenyeji kuhusu mamba, na jua likianza kuzama uwe umeshatoka majini.