"Sawa, madam"

Leo siku ya tatu, na bado naisikia ile "sawa, madam" ya Hamisi wa dawati la nyuma. Barua ya uhamisho wa Baba Neema imetoka hatimaye, Tabora, tutaizungumza akirudi. Mimi nimekaa barazani nawaza maneno mawili ya mtoto wa Kidato cha Pili.

Tulikuwa kwenye uainishaji wa viumbe, mada ambayo mnajua huwa inalaza darasa zima baada ya chai. Nikaacha Kiingereza cha kitabu, nikawapa kisa cha kereng'ende wa Pemba, yule mwembamba kama sindano, wa jamii inayofunga mabawa mgongoni ikitua. Yuko msitu wa Ngezi, ndugu zake wa karibu wako Madagaska na Komoro, si huku bara, na wanasayansi walikuja kumwandika kuwa spishi mpya mwaka 2007. Nikaandika ubaoni: pembipes. Pemba, na mguu kwa Kilatini. Wakaamka.

"Madam, walijuaje kama ni mpya?"

"Walimlinganisha na wengine. Hasa vile vikoleo vya dume mkiani, vya kumshikia jike shingoni. Kila spishi ina vyake."

"Hao wengine wako wapi?"

"Makumbusho. Wamekaushwa."

"Na huyo wa Pemba?"

"Naye alihifadhiwa."

"Kwa hiyo walimgundua, wakamuua."

Darasa likaangua kicheko. Nikasema, "Ni kwa ajili ya sayansi, Hamisi." Hakucheka. Akainamia daftari: "Sawa, madam."

Ile sawa! Ni ya mtu aliyeambiwa dukani sukari imeisha, na huku anaiona kwenye shelfu.

Jana nachambua dagaa ndipo majibu yakaja, kama kawaida yangu, baada ya kengele. La kwanza la kishari: baba yako giza likiingia anashuka mwalo wa Kibirizi na taa zake za kuvulia dagaa, asubuhi anarudi na maelfu, mbona huyo humuulizi? Nikashukuru halikunijia darasani. Baba yake anawalisha, na hao dagaa waliokuwa kwenye ungo wangu huenda ni wake.

La pili ndilo lenyewe. Jina la spishi hufungwa kwa mdudu mmoja, yule yule aliyeteuliwa, kama hati ya kiwanja. Watu wakibishana baada ya miaka hamsini, wanakwenda kumfungua yeye. Huwa wanamloweka kwenye asetoni, ile ile ya kufutia rangi ya kucha, ili rangi zake zisipotee sana, kisha anakaa kwenye bahasha yake. Na msitu ambao kiumbe chake hakina jina, utaandika nini ukitaka kuutetea?

Nikajikuta nacheka peke yangu, mikono inanuka dagaa. Neema akaniuliza kuna nini. Nikamwambia Jumatatu naanza kipindi na swali la Hamisi, tena nitamwita mbele alisome mwenyewe. Nilikuwa na hamu ya Jumatatu, mimi!

Halafu mama akapiga simu kutoka Kasulu. Ameuliza bei ya gunia la mahindi huku mjini, mara mbili. Mama hajawahi kununua mahindi tangu nimjue.