Redio imeharibika?

Jana umeme uliporudi hapa Ngamiani, Tanga, nikaunganisha simu kwenye spika ya baba mkubwa, nikapiga Minutemen, bendi ya punk ya Marekani. Watu watatu tu: gitaa, besi, ngoma. Vijana wa San Pedro, mji wa bandari kule California, Tanga yao hiyo. Santuri yao ya kwanza, Paranoid Time, ilitoka 1980: nyimbo 7, na zote pamoja hazifiki dakika 7! Taarabu yetu hapo bado vinanda vinapasha.

Bibi akatoka jikoni, mwiko wa bokoboko mkononi: "We mjukuu wangu, redio imeharibika au wanagombana humo ndani?"

Baba mkubwa, mtu wa Atomic Jazz, bendi ya zamani ya hapa Tanga, damu damu, akakaa kimya mpaka wimbo wa tatu. "Huyo wa besi anajua."

Basi nikapata nguvu. Nikamweleza walivyoanzisha lebo yao, New Alliance, wakatoa na kazi za wenzao, wakazunguka na gari lao, vyombo wanabeba wenyewe. Nilipofika kwa D. Boon, mpiga gitaa, aliyefariki kwa ajali ya gari Desemba 1985, baba mkubwa akapunguza sauti kidogo.

Halafu akairudisha juu. Bibi akafunga mlango wa jikoni.